Kifaru cha Sentimita 17

Mfano wa kifaru cha kivita huzaliwa na hesabu ya kugawa. Kila urefu, upana na kimo cha kifaru halisi hugawanywa kwa namba moja ile ile, mpaka mashine ya tani 36 inaenea kwenye sinia la chai. Namba inayotumika zaidi kwa vifaru ni 35. Kwa skeli hiyo bodi lenye urefu wa mita 6 hubaki na sentimita 17, upana wa mita 3.27 huwa sentimita 9 na ushee, na mzinga ukielekezwa mbele urefu wote hukaribia sentimita 26. Askari wa mita 1.75 anayesimama kando yake huwa na kimo cha sentimita 5, karibu sawa na njiti ya kiberiti.

Kwa nini 35, si 30 wala 40? Ipo skeli ya 1:72, iliyotokana na vipimo vya Waingereza vya futi na inchi: futi 6 za mtu huwa inchi moja. Skeli ya 1:35 haina asili ya kupendeza namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, ilitaka kuuza mfano wa kifaru cha Kijerumani cha Panther kinachotembea chenyewe kwa mota. Bodi likatengenezwa kwa ukubwa wa kutosha kubeba mota na betri mbili. Baadaye vipimo vilipopigwa, jibu likaja 1 kwa 35 hivi. Mfano ukauzika, kampuni ikaendelea na ukubwa huo huo, nyingine zikafuata, na leo sehemu kubwa ya vifaru vya plastiki duniani ina ukubwa uliowahi kuamuliwa na betri.

Mkoani Kagera neno kifaru halihitaji kufafanuliwa kwa picha za sinema. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda, nduli kama magazeti ya wakati huo yalivyomwita, yalivuka mpaka wa Mutukula na kushika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera. Siku chache baadaye yalilipua daraja la Kyaka. Katika nusu ya pili ya Novemba Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), chini ya Rais Nyerere, lilivuka mto kwa madaraja ya muda, Januari 1979 likaichukua Mutukula, Februari likaingia Masaka na Mbarara, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Vifaru vilikuwapo pande zote mbili. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina: Type 59, chenye tani 36 na mzinga wa milimita 100, na Type 62, ambacho ni kama mdogo wake, tani 21 na mzinga wa milimita 85. Uganda ilikuwa na T-55 za Kisovyeti pamoja na vifaru vikongwe vya Sherman, vya asili ya Marekani, vilivyopatikana kupitia Israeli kabla Amin hajagombana na nchi hiyo. Libya nayo ilipeleka T-55 zake kumsaidia Amin. Askari wengi wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo wamelala Kaboya, wilayani Muleba, na kwa watu wa Bukoba, Muleba na tambarare ya Kimwani hiyo ni safari ya siku moja kwenda na kurudi.

Kwa hiyo fundi wa mifano wa Kagera hana haja ya kuanza na vifaru vya Ulaya vilivyochorwa kwenye makasha tangu zamani. Type 59 inapatikana kwa skeli ya 1:35 kutoka kampuni ya Kichina ya Trumpeter, ambayo imetoa pia Type 62. T-55 imetolewa na Tamiya kwa umbo la T-55A, na kampuni ya MiniArt ya Ukraine imetoa T-54 na T-55 ambazo baadhi yake zina hata injini na viti vya ndani. Sherman zimejaa sokoni.

Kazi ya kwanza haihitaji gundi. Ni kutazama. Type 59 ni nakala ya T-54A ya Kisovyeti, na T-54 ndiyo mama wa T-55, ndiyo maana vifaru vya pande mbili zilizopigana Kagera vinafanana kama mapacha. Vyote vina magurudumu makubwa matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna pengo pana kuliko mengine. Pengo hilo ndilo alama ya ukoo mzima. Vyote vina mnara, yaani ile sehemu ya juu inayozunguka, uliomiminwa kwa chuma cha kalibu ukawa na umbo la bakuli lililofunikwa. Tofauti zipo kwenye vitu vidogo. Juu ya mnara wa T-54 na wa Type 59, upande wa kulia kwa mbele, kuna kofia ya duara kama uyoga, ambayo ni tundu la kupitishia hewa, lakini T-55 haina. Anayebandika uyoga huo kwenye T-55 amempa Amin kifaru cha Nyerere.

Picha za zamani hutafutwa kwa ajili hiyo, na moja inayoonyesha kifaru kimoja kwa ubavu na kwa mbele ina thamani kuliko kumi za vifaru vinavyofanana nacho. Kinachoangaliwa ni masanduku yaliyopo juu ya madigadi, matangi ya mafuta ya ziada, taa za mbele, gogo la kujinasulia kwenye matope linalofungwa nyuma, na alama zilizopakwa kwenye mnara. Kanuni ya mafundi makini ni kali kidogo: namba isiyoonekana kwenye picha haibandikwi. Kifaru kisicho na namba ni cha kweli zaidi kuliko chenye namba ya kubuni.

Ndani ya boksi vipande havijalegea. Vimeshikana na fremu za plastiki kama ndizi kwenye chana, kila kimoja kikiwa na namba yake, na karatasi ya maelekezo huonyesha kwa michoro kipi kinakutana na kipi. Plastiki hiyo humiminwa ikiwa moto kwenye kalibu ya chuma, na kalibu hupakwa mafuta ili kipande kisigande. Mafuta hayo hubaki. Fremu zikioshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kisha zikaachwa zikauke, rangi haitabanduka baadaye. Wengi huruka hatua hii na kuilaumu rangi.

Zana za lazima ni chache: plaizi ndogo ya kukatia, wembe au kisu chenye ncha, msasa laini, tupa ndogo, kibanio cha kushikia vitu vidogo, na gundi. Kipande hakivunjwi kwa vidole. Hukatwa mbali kidogo na ukingo wake, kisha kishina kilichobaki hupunguzwa kwa wembe na kumalizwa kwa msasa. Gundi ya plastiki si kama gundi ya karatasi wala supagluu. Huyeyusha nyuso mbili za plastiki kidogo, zikachanganyika, na ikikauka viungo viwili vimekuwa kitu kimoja. Ndiyo maana tone moja linatosha, na tone lililodondokea mahali pasipohusika huacha alama isiyofutika. Mvuke wake, kama ule wa thina, hulewesha na hushika moto, hivyo kazi hufanyika dirisha likiwa wazi na kibatari kikiwa chumba kingine.

Ujenzi huanzia chini. Bodi la chini ni kama beseni refu, na kila upande hupachikwa mikono mitano inayobeba magurudumu. Kwenye kifaru halisi mikono hiyo imeunganishwa na fimbo za chuma zilizolazwa chini ya sakafu, ambazo hujisokota gurudumu linapopanda jiwe na kujinyoosha linaposhuka. Kwenye mfano haisokoti chochote, lakini ni lazima ilingane. Mkono mmoja ukiinuka nusu milimita, gurudumu lake halitagusa meza, na kifaru cha tani 36 kitaonekana kimesimama kwa vidole vya miguu. Rula iliyolazwa juu ya ncha za mikono yote mitano kabla gundi haijakauka humaliza tatizo hilo kwa dakika moja. Gundi ikishakauka, halitatuliwi kwa saa nzima. Nyuma hufungwa gurudumu la meno, ambalo ndilo linalovuta mnyororo kwa nguvu ya injini, na mbele gurudumu la kukazia.

Kisha bodi la juu, madigadi, masanduku na matangi. Mnara huja vipande viwili, juu na chini, na mshono kati yao huzibwa kwa puti na kusuguliwa mpaka upotee. Hapa fundi mwenye bidii nyingi hukosea kwa kusugua mno. Mnara halisi ulitoka kwenye kalibu ya mchanga na uso wake una vipele na mawimbi kama gamba la chungu. Ukiwa laini kama yai, si mnara tena. Uso uliosuguliwa hurudishiwa ukwaru wake kwa kupakwa gundi nyepesi na kudonolewa kwa burashi kuukuu. Mzinga nao, kama umekuja nusu mbili, hutaka mshono wake usuguliwe kwa kuzungusha, kwa kuwa msasa ukienda huku na huku mahali pamoja huacha bapa, na jicho hugundua bapa kwenye bomba la duara upesi ajabu. Karibu na mdomo wa mzinga wa T-54A, Type 59 na T-55 kuna uvimbe mfupi kama fundo la muwa, unaosaidia kutoa moshi wa baruti ili usirudi ndani kwa askari. Uvimbe huo usipunguzwe na msasa kwa bahati mbaya.

Mnyororo ndio unaopambanua mfano mzuri na mbaya. T-54 na ndugu zake zina pingili zipatazo 90 kila upande, kila moja ikiwa na upana wa milimita 580, ambao kwa 1:35 ni milimita 16 na nusu. Seti za bei ya chini hutoa mnyororo kama mkanda mmoja wa mpira laini. Nyingine hutoa pingili mojamoja za plastiki, karibu 180 kwa kifaru kizima, za kukatwa, kusafishwa na kuunganishwa. Mkanda wa mpira huwekwa kwa dakika tano. Pingili huchukua jioni kadhaa, na kuna mafundi waliouza boksi kwa sababu yake.

Ila mkanda wa mpira una kosa la asili, na kosa lenyewe ni hesabu. Vifaru vya ukoo huu havina vigurudumu vidogo vya juu vya kubebea mnyororo unaporudi mbele. Mnyororo hulala juu ya magurudumu makubwa, na katikati ya gurudumu na gurudumu hulegea kama kamba ya kuanikia nguo. Unalegea kwa uzito wake. Urefu wa mfano hugawanywa kwa 35 mara moja, lakini uzito hugawanywa mara tatu, kwa sababu kitu kimepungua urefu, upana na kimo. Kifaru cha tani 36 kikipunguzwa hivyo, hata kama chuma chake kingebaki chuma, kingekuwa na gramu 840 tu, na cha plastiki ni chepesi zaidi. Mpira wa namna hiyo hauwezi kulegea wenyewe. Hunyooka juu ya magurudumu kama mkanda wa cherehani, na mfano wote, hata ukipakwa rangi kwa ustadi gani, unaonekana kitu cha kuchezea. Dawa yake ni kuushikiza kwa supagluu juu ya kila gurudumu, au kupitisha uzi mweusi mwembamba kwenye bodi, nyuma ya magurudumu, unaoubana chini. Pingili za plastiki huunganishwa kwenye mstari, gundi ikiwa bado mbichi huzungushwa juu ya magurudumu, na vipande vya sponji husukumwa chini ya madigadi ili zilegee mahali pake mpaka zikauke.

Anayeishi mbali na maduka ya mifano, na huko ndiko waliko wengi, ana njia nyingine ambayo si duni. Watoto wa Kagera wamekuwa wakichonga magari kwa shina la mgomba na kukunja ya waya yenye magurudumu ya soli za kandambili kabla hawajawahi kuona boksi la plastiki. Kifaru kinachojengwa kwa ustadi huo huo kinahitaji kitu kimoja cha ziada, nacho ni skeli. Hapa hekima ya ile betri ya Shizuoka inarudi: kitu kilichopo mkononi ndicho kinachoamua. Gurudumu la T-54 lina kipenyo cha milimita 810. Kizibo cha chupa ya soda kina kama milimita 29. Gawanya, jibu ni 28. Basi kifaru hicho kitajengwa kwa skeli ya 1:28, na kila kipimo kingine kitaifuata: bodi la mita 6 litakuwa na sentimita 21 na nusu, upana sentimita 11.7, mnyororo upana wa sentimita 2 na kidogo. Vizibo viwili vilivyobanwa uso kwa uso hufanya gurudumu moja la pacha, kama lilivyo lenyewe, kwa hiyo vinatakiwa 20 kwa pande zote mbili. Ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli ndio mnyororo, na vijiti vya kiberiti vilivyogandishwa juu yake kwa kuachiana nafasi sawa ndizo pingili. Uzito wa mpira mnene wa tyubu, kwa bahati njema, unaulegeza vizuri kuliko mkanda wa dukani.

Bodi hukatwa kwenye kadibodi ngumu ya boksi, pande zikichorwa kwa rula kabla ya kukatwa. Mzinga ni karatasi iliyopakwa gundi na kuviringishwa kwenye spoku ya baiskeli mpaka unene ufike milimita 5, kisha spoku inachomolewa na tundu linabaki katikati, la kweli. Mnara ndio mgumu. Njia iliyo rahisi ni kuchukua chungwa la kipenyo cha sentimita 8, kulikata theluthi, kulilaza kata chini, kulifunika kwa nailoni na kuligandishia tabaka sita au saba za vipande vya gazeti vilivyolowekwa kwenye uji wa unga wa muhogo. Baada ya siku mbili za jua chungwa linatolewa, na ganda la karatasi linalobaki lina mviringo wa bakuli ambao kadibodi haiwezi kuupata. Ukwaru wa gazeti unafanana na chuma cha kalibu bila kuongezewa kitu.

Kutoka hapo njia za plastiki na kadibodi zinakutana tena kwenye rangi. Rangi ya kwanza hupakwa nyembamba, kijivu au nyeusi, ili kuonyesha makosa yaliyofichika na kushikilia rangi zinazofuata. Juu yake huja kijani cha jeshi. Kosa la kawaida ni kutafuta kijani kile kile cha kifaru halisi. Kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi hiyo hiyo, kwa kuwa jicho hukitazama kama linavyotazama kitu kilicho mbali, na vya mbali hufifishwa na hewa na vumbi. Kwa hiyo kijani huchanganywa na rangi nyeupe kidogo au ya maziwa, na nyuso zinazotazama juu, zinazopigwa na jua la ikweta siku nzima, hupauka zaidi kuliko ubavu. Anayetumia kipulizia cha hewa hupata uso sawasawa. Anayetumia burashi hupaka tabaka tatu za maji maji badala ya moja nzito, akisubiri kila moja ikauke. Alama, kama zipo, huja kwenye stika za maji: hulowekwa kidogo, hutelezeshwa kutoka kwenye karatasi yake na kubandikwa kwenye uso uliopakwa vanishi ing'aayo, maana uso usiong'aa huacha viputo vya hewa chini yake.

Rangi nyeusi au kahawia iliyozimuliwa sana kwa thina hupitishwa kwenye pembe, kando ya mifuniko na kuzunguka misumari, ijikusanye yenyewe kwenye mashimo na kuyapa kina. Masizi huwekwa kwenye madigadi ya kushoto kwa nyuma, kwa sababu ekzosi ya vifaru hivi hutokea upande huo tu. Ikitiwa masizi pande zote mbili, fundi amekiri hajatazama picha. Chuma kinachong'aa huwekwa kwenye meno ya gurudumu la nyuma na mahali mnyororo unaposagana na ardhi. Kutu, kidogo. Mnyororo hushika kutu kwa usiku mmoja wa mvua, lakini bodi lililopakwa rangi la kifaru kinachoendeshwa kila siku halina nafasi ya kuota kutu kama bati la banda lililoachwa, na vifaru vingi vya mashindano vinaonekana vimetolewa ziwani.

Kisha udongo, na hapa fundi wa Kagera ana mali ambayo fundi wa Shizuoka hununua kwenye vichupa. Udongo mwekundu wa vilima vya Bukoba huanikwa, husagwa kwa chupa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Kuchekecha si hiari. Punje ya milimita 1 kwenye skeli ya 1:35 ni kokoto ya sentimita 3 na nusu, na punje mbili tatu zikikaa juu ya madigadi kifaru kinaonekana kimepita chini ya maporomoko. Vumbi hilo likichanganywa na gundi nyeupe ya seremala na maji huwa tope. Likichanganywa na thina na kupakwa, likikauka huwa vumbi la barabarani. Tope lina utaratibu wake. La leo ni zito, jeusi kidogo na linang'aa kwa unyevu, nalo hukaa kwenye pingili na sehemu za chini za magurudumu. La jana limekauka, limepauka na limepanda hadi ubavuni. Chini ya madigadi, pasipofikiwa na mvua, tope hujaa. Vita vilianza katika vuli na Kampala ikaanguka ndani ya masika, kwa hiyo kifaru cha Kyaka cha Novemba na cha barabara ya Kampala cha Machi vyote vina haki ya kuwa na matope, ila cha Januari na Februari kinafaa vumbi zaidi.

Kibao cha kusimamishia mfano huonyesha mahali. Kwa Kyaka inatosha ukingo wa mto wenye majani marefu: nyuzi za mkonge zilizokatwa sentimita 3 ni majani ya mita moja. Mgomba wa mita 4 kwenye 1:35 una sentimita 11 na nusu. Shina lake hufanywa kwa karatasi iliyoviringishwa kwenye kijiti, majani kwa karatasi nyembamba yenye waya katikati, kisha yachanwe pembeni kwa wembe, maana jani la mgomba lisilochanwa na upepo ni la picha za vitabuni. Anayependa mandhari ngumu zaidi ana Lukaya, ambako tarehe 10 na 11 Machi 1979 Watanzania walikutana na T-55 za Libya kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi. Kibao cha Lukaya hakihitaji vifaru viwili. Kinahitaji barabara iliyoinuka, matete na maji pande zote mbili, na kifaru kimoja kisicho na pa kugeukia.

Watu wa kwenye kibao huhitaji uangalifu kuliko mashine. Seti nyingi za askari zinazouzwa ni za Wazungu wa miaka ya 1940, na kubadilisha rangi ya ngozi tu hakumfanyi askari wa JWTZ: kofia, mkao wa mikono, nguo na bunduki lazima vibadilike, na mara nyingi kichwa cha kukichonga upya ni bora kuliko cha kukilazimisha. Dereva wa kifaru hiki hukaa mbele kushoto na huendesha kichwa kikiwa nje pasipo na hatari. Kichwa na mabega yake peke yake, vikitokeza kwenye tundu la mfuniko, vinatosha kuonyesha ukubwa wa chuma kilichomzunguka, na ndiyo njia fupi ya mtu asiyejiamini kuchonga miguu.

Mfano uliokamilika hupuliziwa vanishi kavu isiyong'aa, isipokuwa penye tope bichi, vioo vya taa na mafuta yaliyomwagika. Huwekwa mbali na dirisha, kwa kuwa jua hupausha rangi na joto hupinda mzinga wa plastiki taratibu bila mtu kuona. Adui mkubwa ni vumbi, kwa sababu vumbi halisi halina skeli, nalo hufutwa kwa burashi laini ya kupakia poda. Kifaru cha kadibodi kina adui mwingine: mende hupenda uji wa muhogo, na mnara wa gazeti usipopakwa vanishi ndani na nje hutobolewa ndani ya msimu mmoja. Kikisafirishwa, mnara hutolewa na kufungwa peke yake kwenye pamba, mzinga ukiangalia juu.